Hata Helikopta ya Walinzi Ina Historia

Mhariri mmoja wa hapa mjini, ambaye jina lake na ofisi yake naviacha kwa heshima ya chai aliyoninywesha, alinirudishia mswada wangu akasema: "Kijana, mambo ya roketi na nyuklia waachie Wazungu. Wewe mtoto wa Kiwalani. Andika unayoyajua. Mapenzi, kodi ya nyumba, mganga, mama wa kambo. Hayo yanauzika." Akalifunga jalada, akaniuliza kama nina nauli ya kurudia.

Nauli nilikuwa nayo. Jibu ndilo sikuwa nalo. Nilishuka ngazi kichwa chini kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani, na mpaka daladala inafika TAZARA nilikuwa nimeshakubali kwamba mzee wa watu ana haki, mimi na kidato changu cha nne nimejitia mambo makubwa. Jibu lilikuja baadaye sana, na leo naomba ukurasa wa jarida letu hili nilitoe. Wenzangu waandishi chipukizi mtanisamehe kama nitawagusa na nyinyi, maana baada ya mhariri yule nilikuja kugundua kwamba wengi wetu tunasema maneno yake yale yale, tena bila hata kunywesha mtu chai.

Kwanza hilo la Kiwalani. Hivi mtu anaposema "mtoto wa Kiwalani ataijulia wapi ndege ya kivita" amewahi kufika Kiwalani? Sisi ndege hazitupitii mbali, zinapita juu ya bati. Mtoto wa kwetu akiwa na miaka mitano anajua kwa mlio tu hii inatua au inaondoka. Mwalimu darasani ananyamaza, ndege inapita, anaendelea na sentensi pale alipoiachia. Kituo chetu kimoja cha daladala kinaitwa Bombom, na naomba msicheke, ndilo jina lake. Ukiendelea na barabara ile ambayo wazee mpaka leo wanaiita Pugu Road, ukaupita uwanja wa ndege kuelekea Ukonga, konda atakupigia kelele "Airwing! Airwing kuna mtu?" Wanashuka akina mama na ndoo za samaki, wanashuka wanafunzi na mabegi, na sijawahi kumsikia hata mmoja akiuliza jina hilo la kigeni lilifikaje mdomoni mwa konda.

Basi nitawaambia, kwa kifupi. Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo tunaiita Lugalo. Jeshi lile la kurithi likavunjwa, na Septemba 1 mwaka huo huo likazaliwa Jeshi la Wananchi. Jeshi jipya likahitaji mrengo wa anga, na mrengo ukahitaji walimu. Wa kwanza kupewa kazi walikuwa Wajerumani wa Magharibi. Hawakukaa. Wajerumani wa Mashariki walikuwa tayari na ubalozi Unguja tokea Mapinduzi, na Muungano ulipokuja likazuka swali bendera ya Wajerumani gani ipepee Dar es Salaam. Februari 1965 Serikali iliwaruhusu wale wa Mashariki wawe na ofisi ya konseli. Bonn ikanuna, ikawaita nyumbani walimu wake wa kijeshi. Mwalimu Nyerere naye akawaambia kama msaada wenyewe ni wa kamba shingoni, wachukue na uliobaki. Wakaja Wakanada na ndege zao za Otter na Caribou, wakafundisha marubani wetu hadi mwaka 1970. Baada yao Wachina, na ndege za kivita za muundo wa MiG, na uwanja wa Ngerengere. Mwishoni mwa mwaka 1978 Idi Amin akavamia Kagera, na yaliyofuata kila nyumba ina mtu anayeyakumbuka.

Sasa niambieni, hiyo si hadithi? Marubani wa kigeni wanafungasha mabegi kwa sababu ya kibao cha ofisi kwenye mtaa wa Dar es Salaam! Vijana wa kwetu waliokuwa wameanza kujifunza kwa Mjerumani wanaanza upya kwa Mkanada, na kabla hawajazeeka wanafundishwa na Mchina. Angepatikana mwandishi wa kuchekesha angetuvunja mbavu, na angepatikana wa kuliza angetuliza. Mimi nimetafuta riwaya ya mambo hayo katika maduka ya vitabu na kwenye meza za vitabu vikuukuu vya barabarani, sijaiona.

Huku nyuma, huko Marekani, kuna kikosi cha jeshi la anga kinaitwa Kikosi cha 40 cha Helikopta. Kipo kambi ya Malmstrom, jimbo la Montana, na kazi yake ni kuyahudumia mashimo ya makombora ya nyuklia. Angalieni neno: kuhudumia. Kombora lenyewe halilali kambini. Limesimama peke yake ndani ya shimo la zege chini ya mashamba ya ngano na malisho ya ng'ombe, na Malmstrom peke yake ina makombora 150 ya aina ya Minuteman III, kila moja mbali na mwenziwe. Ukiongeza kambi mbili nyingine, Minot ya North Dakota na Warren ya Wyoming, yanafika 400. Mashimo yametawanywa juu ya ardhi kubwa kuliko mikoa yetu mingi, kwa hiyo walinzi hawawezi kuyafikia haraka kwa gari. Ndipo helikopta inapoingia. Inabeba walinzi wenye silaha, inasindikiza msafara wa magari pale kichwa cha bomu kinapohamishwa kutoka shimo hadi kambini, inawatoa wagonjwa na waliopotea kwenye theluji. Helikopta za Huey zilifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 50, mpaka mwaka 2024 zilipoanza kupokewa na mpya Malmstrom.

Sasa historia ya kikosi hicho, ndugu zanguni, imeandikwa kama kitabu cha ukoo. Kilianza lini, kilivunjwa lini, kikafufuliwa lini, kilikuwa chini ya nani, kilitumia ndege gani mwaka gani, nembo yake ina mnyama gani. Utasoma kwamba kabla ya kulinda mashimo kilikuwa kikosi cha uokoaji kule Thailand wakati wa vita vya Vietnam, na kwamba mwaka 1975 helikopta zake zilikuwemo katika mkasa wa meli ya Mayaguez. Jeshi lao la anga lina nyumba nzima ya kumbukumbu katika kambi ya Maxwell, Alabama, ambamo vikosi vyote, hata vya mafundi na wapishi, vina majalada yao. Mimi sisifu silaha zile. Mungu aepushe mbali, kombora moja katika yale likishuka Kariakoo hakuna atakayebaki wa kuuliza bei ya nyanya. Ninachosema ni kwamba mtu aliyebeba walinzi wa bomu ameandikiwa historia, na sisi tuliobebeshwa mabomu ya wengine vichwani mwetu hatujaandika hata barua.

Mtasema: mabomu gani tulibebeshwa? Hapo ndipo mswada wangu ulipokuwa unaelekea, na mhariri hakuufikia ukurasa huo.

Tunguu, Unguja. Oktoba 14, 1960, Uingereza na Marekani zilitiliana saini mkataba wa kujenga kituo Zanzibar cha kufuatilia chombo cha Mercury, kile ambacho Wamarekani walitaka kumtumia kumpeleka mtu wao kuzunguka dunia. Chombo kikiwa juu kinamaliza mzunguko kwa muda usiotimia saa moja na nusu, na redio ya chini haiwezi kukisikia kikishakwenda nyuma ya mgongo wa dunia. Kwa hiyo walipanga vituo kama wakimbiaji wa kupokezana kijiti: Kano kule Nigeria anapokea, anampa Unguja, Unguja anaipa meli iliyotia nanga Bahari ya Hindi, meli inampa Australia. Hao wote ni watu wameketi na vidude masikioni kusubiri sauti ya mtu mmoja.

Februari 20, 1962, alipita John Glenn. Alizunguka mara tatu. Katika mzunguko wa kwanza, alipofika juu yetu, aliyezungumza naye kutoka Unguja alikuwa daktari wa zamu, aliyetaka kujua mwili wake unajisikiaje huko juu. Baada ya Unguja Glenn aliliona jua likizama juu ya Bahari ya Hindi, machweo yake ya kwanza akiwa angani. Mimi nilipoyasoma hayo mara ya kwanza sikulala. Mzungu wa kwanza wa Kimarekani kuizunguka dunia anaulizwa hali yake kutoka Tunguu! Penye minazi na miembe na baiskeli za wauza muhogo! Na katika fasihi yetu yote tunayojivunia, yuko wapi?

Ngojeni kwanza, maana bado sijafika kwenye bomu.

Watu wa Unguja hawakukipokea kituo kile kwa vigelegele. Hizbu, yaani chama cha ZNP ambacho katibu mkuu wake wakati ule alikuwa Abdulrahman Babu, kilikipinga waziwazi, watu wakaandamana, wakasema Mmarekani anajenga kambi ya roketi na kwamba siku vita vikizuka Unguja itakuwa ya kwanza kuteketezwa. Msisahau huo ulikuwa mwaka gani. Februari 13, 1960, Wafaransa walikuwa wamelipua bomu lao la kwanza la nyuklia Reggane, jangwani Algeria, kwenye ardhi ya Afrika, na bara zima lilipiga kelele. Redio zilikuwepo. Sauti ya Cairo ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili. Mtu aliyekaa barazani Ng'ambo akinywa kahawa alikuwa na habari za bomu kuliko mhitimu wa chuo wa leo mwenye simu mbili.

Wakubwa waliwajibu kwamba hiki ni kituo cha amani, cha sayansi, hakuna silaha humo. Na waliokuja kuandika baadaye wameyaendeleza majibu hayo hayo kwa kicheko kidogo, kana kwamba wale waandamanaji walikuwa washamba waliotishwa na milingoti ya redio.

Hapa nataka niwe mkweli pande zote, maana polemiki isiyo ya kweli ni mipasho. Tunguu hapakuwa na kombora. Aliyesema lilikuwepo alikosea, na kama alijua hakuna lakini akasema kwa ajili ya kura, alidanganya. Palikuwa na milingoti, mitambo ya redio, jenereta, na watu wa zamu. Hilo nalisema wazi. Lakini je, Glenn alipandishwa juu na nini? Alipandishwa na Atlas. Na Atlas ni nini? Ni kombora la kwanza la Marekani la kuvuka mabara, lililotengenezwa kubeba bomu la nyuklia hadi Urusi. Lile lile. Walilirekebisha, wakaliongezea usalama, wakaweka kibanda cha mtu mahali pa kichwa cha bomu. Mwaka ule ule wa 1960 uliotiwa saini mkataba wa Unguja, Atlas nyingine, ndugu zake tumbo moja na huyu wa Glenn, zilikuwa zinawekwa tayari kwa vita katika kambi ya Warren, Wyoming, kambi ambayo mpaka leo ina mashimo ya makombora na kikosi chake cha helikopta. Oktoba 3, 1962, Walter Schirra alipita juu ya dunia akiwa juu ya Atlas kwa jina la sayansi, na kabla mwezi haujakwisha Atlas nyingine zilikuwa zimesimama zikisubiri amri kwa sababu ya Cuba.

Mtu akija kwako na panga akakwambia hili ni la kufyekea majani tu, huenda kweli majani ndiyo anafyeka leo. Lakini jirani anayeuliza panga limetoka wapi na nduguye yuko kwa nani, huyo utamwita mshamba? Mzee wa baraza la kahawa aliyesema "roketi ile ni ya bomu" alikosea mahali, hakukosea kitu. Amekufa anachekwa. Na sisi wajukuu zake tunaojiita waandishi tumeiacha cheko ile isimame kama ndiyo historia.

Yaliyobaki yalikwenda mbio. Mapinduzi Januari 12, 1964. Kesho yake manowari ya Marekani Manley iliwachukua raia wao, wakiwemo watu wa kituo. Baadhi ya mafundi walirudi, lakini Aprili 7 Mzee Karume akawaambia kituo kiondoke, na mwezi ule ule, wakati Muungano unatiwa saini, Tunguu kilikuwa kinafungashwa. Kazi yake ikahamia Madagaska, Tananarive, na huko nako mwaka 1975 serikali ya Ratsiraka ilidai kodi, kikafungwa. Mwanabalozi wa Kimarekani aliyekuwepo Unguja siku zile, Don Petterson, ameandika kitabu kizima cha Kiingereza kuhusu aliyoyaona, kikatoka mwaka 2002. Ameandika vizuri, simlaumu. Kaandika aliyoyaona yeye, kutoka dirisha lake. Kosa ni letu sisi tusiokuwa na dirisha hata moja la kufungua upande wa pili.

Nimewahi kulisema hili mbele ya wenzangu, tukiwa tumekaa chini ya mwembe kwenye kikao chetu cha Jumapili cha kusomeana miswada, nikapata majibu ya kila aina. Mmoja akasema siri za jeshi, bwana, utafungwa. Siri gani? Mkataba wa mwaka 1960 kati ya mataifa mawili, uliochapishwa? Kituo kilichobomolewa miaka zaidi ya 60 iliyopita? Sijasema tukachungulie uzio wa kambi yoyote leo na tuhesabu magari. Mwenye akili timamu hafanyi hivyo. Ila tumejizoesha kulitumia neno "siri" kama mtoto anavyotumia neno "tumbo linauma" siku ya mtihani.

Mwingine, dada mmoja ninayemheshimu sana kwa hadithi zake, akasema, "Kaka, msomaji wangu ni mama anayekaanga chapati Yombo. Atlas inamhusu nini?" Dada yangu, naomba nikujibu hapa mbele ya watu. Mama huyo wa chapati alikuwa wapi usiku wa Jumatano, Februari 16, 2011? Usiku ule ghala la silaha la Gongo la Mboto lilipolipuka, na mabomu na roketi zikaruka mpaka kwenye mitaa ya raia, watu zaidi ya 20 wakafa, uwanja wa ndege ukafungwa, maelfu wakalala Uwanja wa Uhuru na watoto wasiojua wazazi wao wameelekea wapi. Na haikuwa mara ya kwanza. Aprili 29, 2009, ilikuwa Mbagala, na huko pia walikufa zaidi ya 20. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Nakumbuka mbingu ikiwa nyekundu upande wa Pugu, nakumbuka kanga ya mama niliyoishika kwa meno kwa sababu mikono ilikuwa imembeba mdogo wangu, na nakumbuka mzee mmoja aliyekuwa anatembea taratibu katikati ya watu wanaokimbia, amebeba redio, anasikiliza kama watatangaza. Sisemi lolote kuhusu nani alikosea. Tume zilikaa, taarifa zilitolewa. Nasema hivi: mama wa chapati anajua kombora ni nini kuliko mimi na wewe, ila hakuna aliyempa kitabu chenye kombora ndani yake. Tunampa mume wa mtu na hirizi. Atasema nini? Atanunua, maana ndicho kilichopo mezani.

Sichukii hadithi za mapenzi, msije mkanipakazia. Nimeziandika mwenyewe tatu, mojawapo ilitoka hapa hapa. Ninachokataa ni ule uzio. Waliotutangulia hawakuujua. Musiba alimtuma Willy Gamba kupambana na makaburu, wala hakumwomba mtu cheti cha upelelezi. Adam Shafi aliandika Kuli, akamweka mchukuzi wa bandarini na mgomo wa mwaka 1948 katikati ya riwaya, wakati watu waliokuwa wakiandikwa ni mabwana wenye kasri. Wao walikuwa na karatasi na taipureta, sisi tuna nini cha kisingizio?

Sasa nije kwenye aibu yangu mwenyewe, maana nimewasema wengine vya kutosha.

Kiwalani, upande wa Minazi Mirefu, kuna babu mmoja wa Kiunguja. Umri wake umepita 80. Watu wanamjua kwa kuuza juzuu na tasbihi mlangoni kwake. Nilikuwa nimempita miaka yote "shikamoo babu, marahaba," basi, mpaka siku moja alinikuta nimekaa na mswada kwenye benchi la fundi cherehani, akauliza nasoma nini. Nikamwambia kwa maringo, babu, naandika mambo ya roketi, hutayajua. Akaniuliza, "Roketi ya Tunguu?"

Ndugu zangu, nilihisi benchi limeniondoka.

Alikuwa kibarua pale. Alifyeka majani kuzunguka milingoti, baadaye wakamweka jikoni kuosha vyombo. Hakuwa mtu wa siasa. Alilipwa, alikula, alirudi kwao kwa baiskeli, na jioni barazani watu wa kijiji walimwita kibaraka wa roketi, wengine kwa utani na wengine si kwa utani. Huko kazini Wazungu hawakujua jina lake lote. Yaani alikuwa kati ya panga mbili, na zote zilimwona ni majani.

Nikamsomea sura ya tatu, ile niliyoipenda kuliko zote, ile ya John Glenn anapita. Niliiandika kwa jasho. Redio inakoroma, daktari ameinama, taa zinawakawaka, Mmarekani huko juu anaonekana kama nyota. Na pembeni, ili niwaweke na watu wetu, niliweka vibarua watatu wamekaa chini ya mwembe wanakunywa chai ya rangi na kutazama juu bila kuelewa kitu.

Babu alisikiliza mpaka mwisho. Akanyamaza. Kisha akaniuliza, "Ilikuwa mwezi gani?"

"Februari, babu. Tarehe 20, mwaka 1962."

"Mwezi gani wa Kiislamu?"

Nikashika kichwa.

"Ilikuwa Ramadhani, mjukuu wangu. Nusu ya mwezi. Mzungu kapita karibu ya magharibi, sie midomo mikavu twangoja mzinga wa futari, wewe wan'nywesha chai! Tena watatu! Na wan'tazamisha juu kama n'na wazimu. Juu n'tazame nini? N'likuwa n'natazama jua."

Nilikwenda kuhesabu kalenda, nikakuta kasema kweli. Glenn alirushwa saa kumi na moja na dakika 47 jioni kwa saa za kwetu, na kama nusu saa baadaye alikuwa juu ya Unguja. Kisiwa kizima kilikuwa kinasubiri jua lilelile lizame. Yeye huko juu analisubiri aone litakavyokuwa, wao huku chini wanalisubiri wale. Nimesoma maandishi mengi ya Kiingereza juu ya safari ile, hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba ilikuwa Ramadhani. Kwa nini angeandika? Hakufunga yeye. Lakini mimi je? Mimi mtoto wa Kiwalani, ninayeamshwa daku na ngoma kila mwaka, niliyejigamba hapa kuwa nitaandika kutoka upande wa pili? Nilikuwa nimekaa dirisha lile lile la Petterson, nimejibana pembeni, natazama watu wangu kwa mgongo.

Kwa hiyo mhariri yule wa chai, nikikutana naye tena, nitamwambia mambo mawili. Alikosea aliposema roketi si yangu. Na alipata, bila kujua, aliposema niandike ninayoyajua, kwa sababu sura ile niliiandika na nisiyoyajua, na niliyoyajua nikayaacha nje kwa kudhani hayafai kukaa kitabu kimoja na nyuklia.

Na nyinyi wenzangu mtaniambia lini mnaanza. Kuna wazee wa Airwing wamestaafu na wamejaa Ukonga na Kitunda, waliofundishwa na Mkanada na Mchina, wanacheza bao mchana kutwa. Kuna wanawake waliopika kwenye kambi hizo. Kuna watu Tunguu wanaolima leo mahali ilipokuwa milingoti. Wapo Mbagala na Gongo la Mboto wenye vipande vya vyuma kwenye kabati ya vyombo. Sijui mnasubiri nani aje awatume, na kwa fedha za mradi gani.

Mimi sura ya tatu nimeichana. Babu amesema nirudi Jumamosi baada ya alasiri, nije na daftari lenye mistari mipana, kwa sababu anataka kuona ninavyoandika jina lake, na nije na kilo ya sukari.